Shali Lisilo na Kosa

Katika parokia yetu ya Grunnavoe mtu anaweza kuacha kwenda kanisani na asiulizwe sababu. Anaweza kuuza mashua ya baba yake, kukipigia kura chama chochote apendacho, hata kuoa mtu wa bara, na baada ya miaka michache watu wakamzoea. Kisichosahaulika visiwani kwetu, huku kaskazini penye baridi, ni kufuma vibaya. Na kuna jambo moja baya kupita hilo, nalo ni kusema umekifuma kitu ambacho hukukifuma.

Mke wangu Osla hajawahi kushukiwa kwa la kwanza wala kwa la pili, na huko kutoshukiwa kulimharibu kidogo, kama kunavyowaharibu watu wote wema.

Bibi zetu walikuwa na desturi. Kila shali jembamba la sufu, lile la vitundu ambalo hupita lote ndani ya pete ya ndoa, liliachiwa kosa moja la makusudi: tundu lililorukwa, au jani lililoelekea upande usio wake. Ukamilifu, walisema, ni wa Mungu, na binadamu mwenye adabu hamwingilii. Kosa hilo waliliita kosa la adabu, na kila mfumaji alilificha mahali ambapo mfumaji mwenzake tu angeliona. Desturi hiyo ingali hai. Osla peke yake ndiye hakuifuata.

"Mungu ananijua," husema. "Hana haja nimkumbushe kwa kukosea."

Mimi nilifundisha historia na Kilatini katika shule ya kisiwa hadi wakubwa walipogundua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalohitajika, kwa hiyo sina maoni kuhusu mahitaji ya Mungu. Nilitambua tu kwamba wanawake wanaoacha kosa moja kwa adabu huacha mengine kadhaa bila kuombwa, na lile la adabu huyafunika mengine kwa heshima. Nilimwambia Osla hivyo siku moja. Ni kauli yangu pekee ambayo amepata kuinukuu mbele za watu.

Sasa, mwaka uliotangulia habari hii, katika sikukuu yetu ya kondoo na sufu, kombe la mashali lilichukuliwa na mwanamke wa parokia jirani. Baadaye ikabainika kwamba shali lake lilifumwa na mashine ya mkwewe, iliyounganishwa na kompyuta, wakati yeye mwenyewe yuko Hispania anaota jua. Kilichofuata hakikuwa hasira. Kilikuwa msiba. Mkutano ukaitishwa, na aliyesimama wa kwanza alikuwa Osla.

"Tutunge kanuni," alisema. "Kazi yoyote ambayo jaji haoni ndani yake mkono wa mtu, iondolewe. Na jina la aliyeileta lisomwe mbele ya ukumbi mzima, kabla ya zawadi."

Girzie, jirani yetu, mjane mfupi ambaye ukuta wake wa mawe unapakana na wetu, akauliza kama hilo la kusoma jina lilikuwa la lazima.

"Aibu ndiyo dawa, Girzie," akasema Osla.

Kanuni ikapita. Mikono yote iliinuliwa isipokuwa wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshika buli la chai.

Osla alilifuma shali lake la mwaka huu majira mawili ya baridi. Aliketi karibu na jiko, amejifunga kiunoni ule mkanda wa ngozi wenye vitundu ambao sindano ya kulia huchomekwa ndani yake, ili mkono ubaki huru kukimbiza uzi. Mwezi wa tano akalifua na kulianika kwenye kiunzi uani, likanyooka hadi pindo lake la mawimbi, kama barafu juu ya kidimbwi. Asubuhi ya sikukuu, mwezi wa nane, aliniamuru nivue pete yangu, kwa kuwa ya kwake haitoki tena kidoleni. Akaishika ncha ya shali, akaivuta, na shali zima likapita ndani ya pete bila kukwama, kama moshi unaopita kwenye ufa.

"Limepita," nikasema.

"Kwani ulitegemea likwame?"

"Nilikuwa natoa taarifa tu."

Uwanja wa sikukuu uko nyuma ya ukumbi wa parokia, penye upepo usiojua likizo. Kondoo dume walikuwa wamekwisha kupangwa kwenye vizizi vyao, wakipapaswa migongo na watu wasiowajua. Walivumilia kwa utulivu wa viumbe wasio na jina la kulinda. Langoni tukamkuta Girzie, kifurushi chake kwapani.

"Aa, Osla! Umekuja na mzigo, au umekuja kutazama kondoo tu?"

"Kondoo nawaona kila siku, shoga. Nimekuja unitazame wewe."

"Nikutazame nini tena? Nimekutazama tangu shule ya Jumapili, macho yamechoka."

"Basi yapumzishe, leo yana kazi."

Girzie akakisogeza kifurushi kwenye kwapa la pili. "Umeacha kosa?"

"Kosa gani?"

"La adabu."

"Adabu ninayo, bibi. Sina haja ya kuitundika kwenye shali."

"Haya, mama," akasema Girzie kwa upole ambao haukunipendeza. "Mwenye macho na aone."

Kwa desturi majaji hufanya kazi milango ikiwa imefungwa. Nje, wanawake walizunguka vizizi huku wakifuma bila kutazama mikono, mikanda kiunoni, wakizungumza habari za wasiokuwapo. Magnie, mwenyekiti wetu, ambaye anashika cheo hicho kwa kuwa ndiye pekee mwenye sauti inayoushinda upepo, alikuwa akilisifu dume lake mbele ya jaji wa kondoo, kinyume cha taratibu zote alizozitia sahihi mwenyewe. Tulikunywa chai. Osla hakunywa. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri kuletewa kitu ambacho tayari ni chake.

Mchana milango ikafunguliwa. Tukaingia pamoja na msukumo wa watu, tukaenda moja kwa moja kwenye meza ya mashali. Shali la Girzie lilikuwa limetandikwa katikati, juu yake kadi nyekundu ya nafasi ya kwanza. Shali la Osla halikuwapo mezani. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti kando ya ukuta, kama nguo za mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, na juu yake kulikuwa na kikaratasi: *Limeondolewa. Kanuni mpya.*

Osla alikisoma. Akavaa miwani, akakisoma tena, kwa kuwa ni mtu wa haki na hapendi kuhukumu kwa kusoma mara moja.

Jaji alikuwa mwanamke wa bara aitwaye Bi Honor Pettigrew, mrefu, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni kwa utepe. Alikuja mwenyewe, na hilo lilikuwa la kumheshimu.

"Bi Osla, kwanza pokea heshima yangu. Tangu nianze kazi hii sijaona shali kama hili."

"Ahsante. Mbona basi liko kwenye kiti?"

"Kwa sababu hiyo hiyo." Aliinua lenzi kama shahidi. "Nimelipitia tundu kwa tundu. Nilichoka, nikapumzika, nikarudi. Sikuona kosa. Sikuona hata uzi mmoja uliokazwa kuliko wenzake. Kanuni yenu inaniagiza nitafute mkono wa mtu. Nimeutafuta sana, sikuuona."

"Mkono huu hapa," akasema Osla, akaunyosha.

"Huo nauona, mama. Siuoni kwenye shali."

Nilimtazama mke wangu. Hakuwa amewahi kusifiwa namna ile na mtu yeyote, wala kutukanwa namna ile, na kwa kuwa vyote viwili vilikuja katika sentensi moja hakujua ajibu kipi.

"Nipe uzi," akasema hatimaye, akiupiga mkanda wake kiunoni. "Nifume hapa hapa, unitazame."

"Sina shaka kwamba unajua kufuma. Nimeambiwa hata yule wa mwaka jana alijua. Swali ni nani aliyefuma hili."

"Muulize mume wangu. Kakaa mbele yangu majira mawili ya baridi."

Bi Pettigrew akanigeukia. "Ulimwona akilifuma?"

"Nilimwona."

"Lote?"

Nimefundisha watoto kwa muda mrefu kwamba shahidi asiseme zaidi ya alichokiona. "Wakati mwingine nilikuwa nasoma," nikasema.

Osla alivua miwani, akanigeukia. "Mwalimu," akasema taratibu, "ukweli wako huo utakuja kukulisha chakula baridi."

"Kwa kweli kanuni hii ni kali mno," akasema jaji, akijaribu kutuliza mambo. "Aliyeitunga hakufikiri kwamba mtu anaweza kufuma bila kosa. Ni nani huyo?"

Wanawake wote waliotuzunguka wakagundua kwa pamoja uzuri wa soksi zilizokuwa meza ya pili. Girzie tu ndiye aliyebaki.

"Mwenyewe huyo," akasema, akimwonyesha Osla kwa kidevu.

Bi Pettigrew akaiachia lenzi ikaning'inia shingoni. Halafu akasema hataki kumdhulumu mtu, na kwamba njia iko moja. Aonyeshwe kosa, dogo kiasi chochote, ambalo mkono ungeweza kulifanya na mashine isingeweza, naye atalirudisha shali mezani. Muda ni hadi zawadi zitakapotolewa. Zaidi ya hapo mwenyekiti atasoma jina, kama kanuni isemavyo.

Tukalipeleka shali jikoni kwa nyuma. Nilivua koti langu jeusi, tukalitandika mezani, na juu yake shali, ili weusi uonyeshe kila tundu. Osla akainama. Nilisikia midomo yake ikihesabu.

Ni vizuri nieleze kilichokuwa kinapimwa pale, maana kwa mgeni linaweza kuonekana jambo la kombe. Kombe lenyewe ni dogo na limebonyea. Mama yake Osla na bibi yake walifuma mashali yaliyovaliwa na wake za mabwana huko bara, na mfanyabiashara wa bandarini akawalipa kwa majani ya chai. Hawakuacha shamba wala nyumba. Waliacha jina, kwamba katika ukoo ule sindano haisemi uongo. Jina hilo ndilo ambalo Magnie angelisoma kwa ile sauti yake ya kuitia mbwa mlimani, na baada ya hapo lingesomwa katika kila jiko la kisiwa, kwa sauti ndogo zaidi, mpaka watu wa kulisoma waishe.

"Umepata?" nikauliza.

"Halina."

"Tazama tena."

"Mwalimu, nimekwambia halina!" Katika sauti yake mlikuwa na hofu, na chini ya hofu kitu kingine ambacho ningekuwa mwongo nisipokitaja. Kilikuwa fahari. Alipofika katikati ya shali niliona mwendo wa vidole umebadilika. Hakuwa akitafuta tena. Alikuwa akitazama.

Nikafungua droo ya jikoni.

"Kuna mkasi hapa," nikasema.

"Wa nini?"

"Kata uzi mmoja pindoni, ufungie pasipo pake. Haitachukua muda."

Akainua kichwa. "Unataka nidanganye ili nithibitishe kwamba sidanganyi."

"Katika historia njia hiyo imetumiwa na watu wengi wenye heshima."

"Wote wamekufa."

"Hata wakweli wamekufa, Osla."

"Lakini wao sikuolewa nao." Akaisukuma droo, ikajifunga. "Kama ni kusomwa, na nisomwe. Siwezi kukosea makusudi. Nilikataa kumfanyia Mungu, nimfanyie mtu wa bara?"

Aliinama tena juu ya shali. Nikaona tone moja limeangukia koti langu, pembeni, mbali na sufu. Hata katika kulia alijua pa kulengea.

Nikatoka nje kumtafuta Girzie.

Alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya supu, mbele yake bakuli la supu ya kondoo aliyekaushwa kwa chumvi na moshi, na kipande cha mkate wa bapa. Nikaketi bila kukaribishwa.

"Bi Girzie, una jicho kumzidi jaji."

"Jicho la kizee hili."

"Kama kungekuwa na kosa, ungeliona."

"Kama kungekuwa nalo." Akaumega mkate. "Mwalimu, kombe langu liko mle ndani na kadi nyekundu juu ya shali langu. Unataka niende nikaitoe kwa mkono wangu?"

"Sijakuomba hivyo."

"Umeniomba. Ni vile tu umeniomba kwa Kilatini."

Yeye akaendelea, sasa akiongea na bakuli zaidi kuliko na mimi: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Nani alisema aibu ndiyo dawa? Nilimuuliza kwa wema pale mkutanoni, 'Osla, kuna haja ya kusoma jina?' Akaniona mjinga. Basi anywe dawa yake. Mimi nimekaa nafasi ya pili mpaka kiti kimeniota mgongoni. Leo nimeinuka. Niache nisimame kidogo."

"Una haki," nikasema, na nilimaanisha.

"Najua nina haki! Usiniambie nina haki!"

Hakuwa amekunywa hata kijiko kimoja. Mkate aliokuwa akiumega ulikuwa umekuwa makombo ambayo hata ndege angeona tabu kuyaokota, na macho yake hayakutoka kwenye mlango wa jikoni. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo. Wanalijua jibu, na wamewaahidi wenzao kutoinua mkono. Kwa kawaida ahadi hudumu mpaka mwalimu anapotaka kuhamia swali linalofuata.

Zawadi zilitolewa ukumbini, upepo ukipiga madirisha. Zilianza zile za kondoo, kama ilivyo desturi, maana kwetu heshima hufuata ukubwa wa mwili. Dume la Magnie likawa la tatu, naye akaipata habari hiyo kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe na kuisoma kwa sauti iliyopungua. Kisha akachukua karatasi nyingine. Osla alikuwa amesimama mbele kabisa, wima, ingawa viti vilikuwapo. Shali lake lilikuwa limetandikwa juu ya koti langu kwenye meza ya majaji, ili watu waone ni lipi.

"Kabla ya zawadi za sufu," akasema Magnie, "kwa mujibu wa kanuni mpya, inanipasa kusoma jina. Jina lenyewe ni..." Akasita. Ni binamu yake, na sweta alilokuwa amevaa ni Osla aliyelifuma. "Osla, nisamehe."

"Soma," akasema Osla. "Walikufundisha kusoma ili ufanye nini?"

"Jina ni..."

"Jamani!"

Kiti kilianguka nyuma. Girzie alikuwa amesimama, uso umeiva kama aliyetoka kwenye jiko.

"Jamani, hamna macho nyie? Ukumbi mzima huu! Jaji na lenzi yake, mwenye shali na miwani yake, hakuna anayeona? Kona ya tatu! Pindoni! Wimbi la pili kutoka konani lina vitundu vinne. Vinne! Mawimbi mengine yote yana vitano! Linanikodolea macho tangu mwezi wa tano lilipoanikwa uani. Nikipita ukutani linaniita. Nimelivumilia, nimelala nalo, nimeamka nalo, halafu leo nikae hapa nisikie linaitwa kazi ya mashine? Mashine inajua kuhesabu!"

Bi Pettigrew akainama juu ya meza, akaisogeza lenzi, akakaa hivyo kwa muda.

"Vinne," akasema.

Sasa, mtu mwenye akili ya kawaida, aliyesimama kwenye kingo za aibu na akatupiwa kamba, huikamata kamba. Mke wangu aliifikia meza kwa hatua mbili.

"Vitano," akasema.

"Vinne, Bi Osla."

"Cha tano kipo, kimejikunja. Siku ya kuanika kulikuwa na upepo."

"Upepo!" akapiga kelele Girzie. "Upepo ulikula tundu?"

"Wewe nyamaza, unaliangalia kwa husuda."

"Kwa husuda ndiyo maana naliona!"

"Osla, mwanamke wewe," akasihi Magnie kutoka jukwaani, "kubali kuwa na kosa!"

"Kubali, bibi!" mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma. "Supu inapoa!"

Bi Pettigrew aliinua mkono, na ukumbi ukanyamaza. "Bi Osla, nielewe vizuri. Kama ni upepo, basi shali halina kosa, na mwenyekiti atasoma jina. Kama ni kosa, ni la mkono wako, na jina lako ni safi. Siwezi kukuchagulia. Aliyefuma ndiye ajuaye."

Nje kondoo mmoja akalia, wa pili akamjibu. Tangu nimwoe Osla nimemsikia akisema kwamba wamekosea wachungaji, wamekosea watabiri wa hali ya hewa, limekosea bunge, nimekosea mimi. Na mara nyingi alikuwa sahihi, hasa kuhusu mimi. Alimtazama Girzie, akamtazama jaji, akaliinamia shali. Akaweka kidole. Akahesabu kwa sauti, "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Kidole kikabaki pale kwenye cha nne muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa.

"Ni kosa," akasema. "Ni langu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nimewahi kuwapo katika ushindi wake wote, na nathibitisha kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu vyake vikamilifu kilichopigiwa makofi namna ile.

Jaji alifanya yaliyompasa. Aliiondoa kadi nyekundu kwenye shali la Girzie na kuiweka kwenye la Osla, akieleza kwamba la Girzie lina makosa mawili. Girzie alisimama kulitetea, akasema yote mawili ni ya adabu. Akaambiwa moja lingetosha. Akaketi, akapokea kadi ya nafasi ya pili bila kuitazama, kama mtu anayerudishiwa mwavuli wake.

Kilichofuata hakimo katika kanuni yoyote. Watu walipanga foleni mezani, nao hawakuja kulitazama shali.

"Liko wapi?"

"Kona ya tatu. Pale pale. Inama kidogo."

"Aa, nimeliona! Masikini Osla!"

Aliyekuwa akiwaonyesha ni Girzie, amesimama kando ya meza na sindano mkononi, akielekeza kwa ncha kama mlinzi wa makumbusho. Wanawake waliokuwa wakimwogopa Osla tangu utotoni walimjia wakamshika mkono, wakamwambia nao pia, mwaka fulani, walihesabu vibaya. Wanaume walinipongeza mimi, sijui kwa nini. Osla alikuwa amelishika kombe kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake wakati mama mtu amekwenda kunawa.

Tulipokuwa tumekwisha kuingia garini, Girzie akaja kwenye dirisha la upande wa Osla. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kinapigana na upepo.

"Hongera, shoga."

"Ahsante."

"Umenichukia?"

"Leo sina nafasi. Nitaanza kesho."

"Vyema." Akakikaza kitambaa chini ya kidevu. "Nimelisema lile la kona ya tatu tu, kwa vile jaji alitaka moja. Lile lingine nimekuachia. Sipendi kumwaibisha mtu mbele za watu."

Akageuka, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Nikawasha gari. Tulipita lango, tukapita vizizi vilivyokuwa vinafunguliwa, tukamfikia Girzie barabarani, ameinama kuelekea upepo, tukampita.

"Simama," akasema Osla.

Nikasimama. Akateremsha kioo. "Girzie! Ingia."

"Naenda kwa miguu, mama. Mwili unataka mazoezi."

"Ingia, nimesema."

Kwa miaka yote tuliyoitumia barabara ile, Girzie hakuwahi kukaa katika gari letu, wala hakuwahi kualikwa. Aliingia nyuma, ambako shali lilikuwa limefungwa katika kitambaa cheupe.

"Lipakate," akasema Osla bila kugeuka. "Lisije likakunjamana. Lifungue tu, lifungue."

Girzie akalifungua, akalitandaza magotini, kona zote nne zikaonekana. Osla akanyosha mkono, akakigeuza kioo cha juu ya usukani, kioo changu, mpaka kikamwelekea yule aliyekaa nyuma. Tangu hapo niliendesha pasipo kujua nini kinatufuata barabarani, na Osla aliyatazama macho ya Girzie kwenye kioo bila kupepesa, apate kuona yataelekea kona ipi.

Girzie, ambaye alilelewa vizuri, aliikunja mikono yake juu ya shali, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka tulipofika kwake.